Kibanda si Aibu

Upo ujinga mmoja ambao haufundishwi darasani wala haumo katika kitabu chochote cha shule, na hata hivyo vijana wengi humaliza masomo wakiwa wamefuzu katika ujinga huo. Ni ule wa kudhani kwamba chakula ni kizuri kwa sababu ni ghali, na kwamba ni kibaya kwa sababu ni rahisi. Nakusudia kuushambulia mbele yako, ewe msomaji, kwa kuwa haitapita miaka mingi utaondoka katika shule ambayo kengele hukuita mezani, uende Nairobi, au Mombasa, au Kisumu, au Eldoret, kutafuta elimu zaidi au kazi. Na huko hapana kengele. Utakuwa na fedha haba mfukoni na tumbo lile lile ulilozaliwa nalo. Namna utakavyolilisha tumbo hilo kwa fedha hizo itaamua kama utalipa kodi ya chumba, kama utanunua vitabu, kama utawapelekea wazazi chochote mwisho wa mwezi, na mara nyingine kama utalala nyumbani au hospitalini.

Mtazame kijana apataye mshahara wake wa kwanza. Siku ya malipo huingia katika jumba la vioo lenye taa za rangi, akanunua viazi vya kukaanga na paja la kuku, akaongeza na kinywaji chenye sukari tele, akaketi karibu na dirisha ili wapitao njiani wamwone. Siku ya pili hufanya vivyo hivyo, na ya tatu pia. Aghalabu huipiga picha sahani yake kwa simu na kuwapelekea rafiki zake kabla hajaonja. Inapofika katikati ya mwezi, kijana huyu hunywa chai ya rangi asubuhi, chai ya rangi jioni, na baina yake humeza mate. Ukimwuliza kwa nini hakula katika kibanda kilicho nyuma ya ofisi yake, ambako kwa fedha za sahani moja ya jumba la vioo angalikula siku tatu, hukunja uso kana kwamba umemtukana. "Mtu kama mimi nikale pale?" Hilo ndilo jibu ninalolipiga vita.

Haya, tuingie kibandani tuone kinachodharauliwa. Mabati machache, benchi la mbao, sufuria kubwa juu ya jiko la makaa. Katika Nairobi utakuta ugali na sukuma wiki, maharagwe, ndengu, githeri, mukimo, matumbo, chapati, na pengine omena. Katika Mombasa utaamkia mahamri na mbaazi za nazi, na jioni utapata viazi karai kwa ukwaju na mishkaki iliyochomwa mbele ya macho yako. Kisumu watakupa samaki wa ziwa kwa ugali, na mboga za kienyeji zenye uchungu ambao mgeni huukunjia uso siku ya kwanza na kuuomba siku ya tatu. Sasa weka vyakula hivi katika mizani ya akili. Githeri ni mahindi na maharagwe katika chungu kimoja, na wataalamu wa lishe hutuambia kwamba vitu hivi viwili hukamilishana: upungufu wa nafaka katika kuujenga mwili hutimizwa na kunde, na upungufu wa kunde hutimizwa na nafaka. Omena huliwa mzima, mifupa na yote, na kwa hiyo humpa mlaji chokaa ya mifupa ambayo minofu ya samaki mkubwa haimpi. Je, viazi vya kukaanga na soda humpa nini zaidi ya mafuta, wanga na sukari? Mtoto wa darasa la nne aliyesoma somo la lishe angaliweza kulijibu swali hili, lakini mtu mzima mwenye mshahara hulisahau akiona taa za rangi.

Hata jina la sukuma wiki lina kejeli ndani yake, kana kwamba ni mboga ya kuzisogeza siku mpaka fedha ifike. Mboga za ukoo wake huo huo zimekuwa kipenzi cha matajiri wa Ulaya na Marekani, ambao huzinunua kwa bei kubwa, huzisaga pamoja na matunda, na kuzinywa wakiamini kwamba zinawaongezea umri. Mnavu, mchicha, kunde na mrenda, ambazo bibi zetu walizichuma shambani bila kulipa senti, kwa muda mrefu zilihesabiwa kuwa mboga za maskini; sasa baadhi ya hoteli kubwa zimeziandika katika orodha ya vyakula kwa maandishi ya kupendeza, na yule yule aliyezikataa kwa bibi yake huzilipia huko mara kumi. Sijui kama nicheke au nilie.

Dharau hii haikuota yenyewe kama magugu. Katika Nairobi ya wakoloni hoteli kubwa zilikuwa za Wazungu, na Mwafrika aliziingia kwa mlango wa nyuma akiwa mpishi au mtumishi. Kibarua alipewa posho, yaani kipimo cha unga wa mahindi, na mama aliyeuza uji au maharagwe kando ya njia alikimbizwa na askari wa manispaa. Ubaguzi ule ulikwisha, lakini uliacha fikira nyuma yake: kwamba heshima imefungiwa ndani ya milango ile tuliyozuiwa, na kwamba lililo nje yake ni la watu duni. Babu alizuiwa mlangoni. Mjukuu anaingia bila kuzuiwa na mtu, naam, lakini anaingia kwa sababu babu alizuiwa, wala hajiulizi kama chakula kilichomo kinamfaa. Katika mji huo huo pana mahali paitwapo Kariokor. Jina hilo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Kiafrika waliobeba mizigo ya jeshi la Waingereza katika Vita Kuu vya mwaka 1914 hadi 1918. Kariakoo ya Dar es Salaam ina asili hiyo hiyo. Kariokor inajulikana kwa nyama ya kuchoma, na huko utamkuta mtu mwenye suti na tai ameketi benchi moja na fundi wa viatu, wote wawili wakila kwa vidole juu ya ubao mmoja. Huyo mwenye suti hajapungukiwa na heshima yoyote.

Najua utakavyonijibu. Utasema kwamba kibanda ni kichafu, na kwamba afadhali kutumia fedha nyingi kuliko kuugua. Hoja hii ni nzito, nami sitaipita kwa mbio. Homa ya matumbo na kipindupindu ni maradhi ya kweli, huua, na huingia kwa maji machafu na mikono michafu. Lakini nani aliyekuambia kwamba maradhi haya huogopa mazulia? Mwaka 2017 kipindupindu kilipozuka Nairobi, waliougua walikuwamo wageni wa mikutano iliyofanyika katika majengo ya fahari ya jiji hilo. Mawaziri wawili wa serikali walilazwa hospitalini, na hoteli zilifungwa kwa amri ya Wizara ya Afya. Wale hawakula kibandani. Walikula penye vitambaa vyeupe na vijiko vya kung'aa, na jiko lililowapikia lilikuwa nyuma ya ukuta ambao hapana mlaji aliyeruhusiwa kuuvuka. Hapa ndipo kibanda kinapolishinda jumba: kibandani jiko liko mbele yako. Unamwona mpishi, unaziona kucha zake, unayaona maji anayooshea sahani, unayaona mafuta anayokaangia. Mwenye macho akila uchafu kibandani ameukubali mwenyewe. Katika jumba la vioo hana jingine ila kuamini.

Basi tumia macho hayo. Usiketi mahali kwa sababu umechoka kutembea. Tazama kwanza wanaokula ni nani: ukiona wajenzi, makuli na madereva wamejaa siku baada ya siku, ujue watu hao hawana fedha ya kupoteza wala siku ya kuugua, na wamekwisha kulifanya jaribio kabla yako. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na methali hii ni ya kweli hasa katika biashara ya chakula. Kibanda chenye sufuria tatu zinazokwisha kabla ya saa tisa mchana hakina chakula cha jana, ilhali jumba lenye vyakula sitini katika orodha yake halina budi kuviweka vingine katika barafu kwa siku nyingi. Tazama mafuta: yakiwa meusi kama kahawa, ondoka. Tazama kama pana maji ya kunawa yanayotiririka, walau kutoka katika mtungi wenye bomba. Beseni moja linalochovywa na kila mkono ni hatari, hata kama mama mwenye kibanda ana tabasamu la malaika. Chakula kiwe cha moto kinachotoa mvuke, kwa kuwa moto huua vijidudu vingi ambavyo macho hayavioni, na kwa sababu hiyo hiyo uwe mwangalifu na kachumbari na matunda yaliyokatwa mapema. Tena sheria ya nchi yetu humtaka kila agusaye chakula cha kuuza apimwe na daktari na awe na cheti, nacho hufanywa upya kila baada ya miezi sita. Ni haki yako kuuliza. Uliza kwa adabu, kama mwana amwulizavyo mama: "Samahani mama, cheti unacho?" Walio safi hukionyesha kwa fahari. Na bei iulize kabla ya kuketi, maana ugomvi mwingi wa vibandani huzaliwa baada ya kula.

Mimi mwenyewe nilipata kula kwa miaka miwili katika kibanda cha mama mmoja karibu na kituo cha matatu, naye alikuwa na desturi ya kuwakataza wateja wake wasimsalimie mkono alipokuwa akipika. Wengine walimwona mwenye kiburi. Sikuumwa tumbo hata mara moja.

Lakini anayekula nje kila siku, hata kibandani, bado anamlipa mwingine kwa kazi anayoiweza mwenyewe. Ndiyo maana lazima tuzungumze juu ya soko. Kijana wa leo anajua njia ya supamaketi kuliko njia ya soko, naye hujivunia jambo hilo. Katika Nairobi soko la Wakulima, ambalo watu huliita Marikiti, hupokea malori ya mboga, viazi na matunda kabla jua halijachomoza. Katika Mombasa soko kubwa la Kongowea, ng'ambo ya daraja la Nyali, hupokea vitunguu, nyanya na machungwa kutoka bara na pwani, na hata kutoka Tanzania. Kisumu wana Kibuye. Nyanya unayoinunua imefungwa kwa karatasi ya kung'aa katika supamaketi pengine imetoka shamba moja na ile ya Kongowea, ila imeongezewa gharama ya karatasi, ya barafu, ya taa na ya kodi ya jengo. Gharama hizo zote unalipa wewe, na karatasi unaitupa.

Soko lina elimu yake, nayo haipatikani kwa siku moja. Afikaye alfajiri huchagua bora kwa bei ya jumla; afikaye jioni hupata bei ndogo kwa sababu mwuzaji hataki kurudi na mzigo, lakini huchagua mabaki. Kila kimoja kina nafasi yake: nyanya za kupika leo usiku zinunue jioni, viazi vya wiki mbili vinunue asubuhi. Msimu nao ni bwana. Embe likiwa tele Pwani, lile ulililolipia fedha nyingi miezi mitatu nyuma utalipata kwa thamani ya pipi, na mtu mwenye akili hula kwa kufuata majira kama ndege. Mvua kubwa ikiharibu nyanya, hapana sharti linalokulazimisha kupika kwa nyanya. Maharagwe kwa nazi au kwa kitunguu kitupu hayajamwua mtu. Kisha nenda na kikapu au kiondo, maana kwa muda mrefu tulizoea mifuko ya plastiki kama kwamba haina mwisho, na kuanzia tarehe 28 Agosti 2017 sheria ya Kenya iliipiga marufuku. Asiye na kikapu hununua mfuko mpya kila aendapo sokoni, na senti hizo zikikusanywa kwa mwaka ni mlo wa siku nyingi.

Wala sitakuficha hila za sokoni. Kuna mkebe wa kupimia nafaka uitwao gorogoro, ambao watu huuhesabu kuwa wa kilo mbili. Mwuzaji mdanganyifu huubonyeza chini ukaingia ndani, na kila gorogoro unalonunua hupungua kwa kiasi cha konzi. Ugeuze kabla hajapima, utazame tako lake, mwaminifu hatakasirika. Kuna na wale wapangao matunda mazuri juu na yaliyooza chini. Hawa dawa yao ni kuchagua kwa mkono wako mwenyewe, moja moja, na ukikatazwa kuchagua, mwache na mali yake, kwani jirani yake anauza kitu kile kile. Jambo lililo bora zaidi ni kumpata mwuzaji mmoja na kurudi kwake kila mara. Mama mboga akujuaye hukuongezea, hukukopesha unapokwama, na hukuonya kwa sauti ndogo, "Mwanangu, leo usichukue hizi." Rafu ya supamaketi haijapata kumwonya mtu.

Nikisema hivi sina maana kwamba supamaketi haina faida. Bei yake imeandikwa na haibadiliki kwa kuangalia viatu vyako. Chumvi, sukari, mafuta na sabuni mara nyingi hupatikana huko kwa bei ya haki. Unga wa mahindi wa viwandani, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2012, hutiwa vitamini na madini ambayo unga wa kisiagi cha mtaani aghalabu hauna. Nunua huko yaliyo ya huko. Ninachokikataa ni ile imani kwamba jengo kubwa ni dhamana ya wema na uthabiti. Supamaketi za Uchumi, zilizoanzishwa mwaka 1975 na kuwa fahari ya taifa, zilifunga milango mwezi wa Juni 2006 kwa kuelemewa na madeni, zikafufuliwa, zikadhoofika tena. Nakumatt, ambayo matawi yake yalivuka mipaka ya Kenya, ilikoma mwanzoni mwa mwaka 2020 ikiwa na madeni makubwa kwa watu walioipelekea bidhaa. Mama mboga, pamoja na udogo wake, aghalabu humlipa mkulima siku ile ile achukuapo mzigo.

Na kuhusu usalama wa chakula chenyewe, sikiliza jambo hili. Mwaka 2004 watu 125 walikufa katika nchi yetu, wengi wao Ukambani, kwa kula mahindi yenye sumu ya aflatoksini, ambayo huletwa na ukungu uotao katika nafaka iliyohifadhiwa kabla haijakauka vema. Baada ya msiba ule wako waliosema kwamba salama imo katika pakiti. Mwezi wa Novemba 2019 Shirika la Viwango la Kenya lilisimamisha uuzaji wa aina tano za unga wa pakiti kwa sababu ulikutwa na sumu hiyo hiyo kupita kiwango. Sumu yenyewe haionekani kwa macho, lakini unyevu na ukungu huonekana, na harufu yake husikika, maadamu punje ni nzima. Ukinunua mahindi sokoni unaweza kuyachambua, kuyauma kwa jino uone kama yamekauka, na kuyaanika tena kabla ya kuyapeleka kwenye kisiagi. Ukinunua unga, umenunua neno la mtu mwingine. Huenda neno hilo ni la kweli, na mara nyingi ni la kweli, lakini usilichukue kuwa ni ushahidi wa macho yako.

Tena tahadhari na wingi wa gharama ndogo. Siku hizi chakula hufuata mtu chumbani kwa kuagizwa katika simu, na bei yake huongezewa ujira wa pikipiki na fungu la kampuni ya katikati. Mgonjwa na mzee wana udhuru. Kijana mwenye miguu miwili, anayekaa hatua mia mbili kutoka kwa mama mwenye kibanda, ana udhuru gani? Wanafunzi wanne wakishirikiana kununua gunia la viazi na debe la maharagwe, wakapika kwa zamu, watakula vema kwa mwezi mzima kwa fedha ambazo mmoja wao peke yake angezimaliza katika wiki ya kwanza. Nao wavulana waache kisingizio kwamba upishi ni kazi ya dada zao. Moto hauulizi jinsia ya aushikaye mwiko.

Limebaki neno moja, nalo nalielekeza kwako kwa sababu kesho wewe ndiwe utakayekuwa diwani, au mkaguzi wa afya, au mchoraji wa ramani za miji. Kila baada ya miaka michache mabarazani huibuka watu wanaotaka vibanda vyote vibomolewe ili jiji lipendeze. Mwezi wa Mei 1990 vibanda na makao ya Muoroto katika Nairobi vilibomolewa kwa nguvu, na askari wa jiji wakapambana na wenyeji mitaani. Ubomoaji mwingine umefuata, katika miji mingi, usiku na mchana, na kila mara vibanda vimerudi, kwa sababu njaa ya watu haikubomolewa pamoja navyo. Fedha inayolipwa matingatinga ya siku moja ingeliweza kuvuta bomba la maji mpaka penye vibanda ishirini, na kujenga vyoo viwili na mtaro wa maji taka. Na hapo mkaguzi angekuwa na haki kamili ya kumfungia mwenye kibanda asiyenawa mikono. Kumnyima mtu maji, kisha kumshitaki kwa uchafu, ni dhuluma ambayo tumeizoea mno hata hatuioni. Nao wasemao kwamba vibanda huharibu sura ya jiji wajibu swali hili: saa saba mchana, maelfu ya wajenzi wanaoyainua majengo hayo marefu wakale wapi? Katika jumba wanalolijenga, likisha kufunguliwa, ujira wao wa kutwa hautatosha kununua chakula cha mchana.